Sura ya Dereva

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini mambo mawili kuhusu filamu moja. La kwanza, kwamba mwishoni lile lori la mafuta linalipuka na moto unapanda juu kama nyumba inayoungua. La pili, kwamba kabla halijaporomoka tunamwona dereva wake: mtu mzima, mashavu yamebonyea, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku mbili. Ungeniamsha usiku wa manane ukaniuliza, ningekuapia.

Mwaka jana niliitazama tena. Lori halilipuki. Na dereva haonekani. Tunaonyeshwa mkono wake ukitoka dirishani, tunaonyeshwa buti zake, basi. Sasa ile sura niliitoa wapi?

Filamu yenyewe inaitwa Duel. Kituo cha ABC cha Marekani kiliirusha Jumamosi ya tarehe 13 Novemba 1971. Aliyeiongoza ni Steven Spielberg, kijana wa miaka 24 wakati huo, na wengi humjua kwa yale makubwa yaliyofuata: papa, dinosaria na kadhalika. Mimi nataka kuzungumzia jambo ambalo husahaulika tukishaingia kwenye sifa za Spielberg. Filamu hii haikutengenezwa kwa ajili ya sinema. Ilitengenezwa kwa ajili ya sebule, ionyeshwe usiku mmoja, watu wakalale. Nadhani hapo ndipo siri ya kung'ang'ania kwake akilini ilipo.

Leo ukisema "filamu ya televisheni" unasikika kama mtu anayedharau. Lakini ngoja nikukumbushe ilivyoanza. Miaka ya mwanzo, vituo vya Marekani vilikuwa vikijaza usiku kwa filamu zilizokwisha kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Vilivyozidi kuzionyesha, ndivyo zile nzuri zilivyoadimika na bei yake kupanda. Basi NBC na studio ya Universal wakaona heri watengeneze zao. Ya kwanza kurushwa ilikuwa See How They Run, Oktoba 1964. Kulikuwa na nyingine iliyokusudiwa kwa kazi hiyo hiyo, The Killers ya Don Siegel, lakini wakubwa wakaona ina ukatili uliozidi kwa watu waliokaa sebuleni na watoto wao. Ikapelekwa sinema.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1969, ABC ikaja na mpango wa filamu mpya kila wiki. Kila moja ilipewa saa moja na nusu hewani. Ukitoa matangazo ya biashara, unabaki na dakika sabini na kitu. Duel ilikuwa na dakika 74. Zilipigwa haraka na kwa fedha kidogo. Spielberg alipewa takriban wiki mbili tu za kupiga picha, akiwa na gari dogo jekundu aina ya Plymouth, lori chakavu aina ya Peterbilt, na barabara za korongoni kaskazini mwa Los Angeles.

Matangazo yale nayo yalikuwa na kazi yake. Mwandishi wa filamu ya aina hii alijua kwamba kila baada ya dakika kadhaa hadithi itakatwa ili watu wauziwe sabuni. Kwa hiyo ilimlazimu kila kipande akimalizie pabaya: mtu amening'inia, mlango umefunguka, taa za lori zimewaka gizani. Ukienda jikoni kuchukua maji, unakwenda na hofu yako. Msimulizi yeyote wa hadithi za usiku wa vijijini anaijua mbinu hii. Anakatisha palipokolea, anavuta ugoro wake taratibu, nanyi watoto mnasubiri mkiwa hamna raha.

Kisha kuna huo usiku mmoja. Mwaka 1971 deki za video hazijaingia majumbani. Mtoto wa Ohio aliyeitazama Duel Jumamosi ile hakuwa na namna ya kuirudia alipotaka. Alichokuwa nacho Jumatatu ni mdomo wake na midomo ya wenzake shuleni. Mmoja anasema hivi, mwingine anabisha, wa tatu ambaye hakuitazama kabisa naye anachangia. Huko ndiko filamu ilikoendelea kuishi.

Siku 17 baadaye kituo hicho hicho kikarusha Brian's Song, kisa cha kweli cha urafiki wa wachezaji wawili wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chicago, Gale Sayers na Brian Piccolo. Piccolo alikufa kwa saratani mwaka 1970 akiwa na miaka 26. Hadi leo wanaume wa Kimarekani wa rika fulani hukiri kwamba ndiyo filamu iliyowaliza mbele ya baba zao. Tena tarehe 20 Novemba 1983 ikaja The Day After, iliyoonyesha bomu la nyuklia likiwaangukia watu wa kawaida wa Kansas na Missouri. Walioitazama usiku huo wanakadiriwa kufika milioni 100. Baada ya mabomu kuanguka hapakuwekwa tangazo hata moja. Nani angethubutu kuuza sabuni pale? Rais Reagan alikuwa ameshaiona mwezi uliotangulia, akaandika katika shajara yake kwamba ilimwacha na huzuni. Waingereza nao mwaka uliofuata wakaonyesha yao, Threads, ambamo mji wa Sheffield unageuka majivu, na waliokuwa watoto wakati ule bado wanaielezea kama vile walikuwepo.

Angalia zinavyofanana. Zote ziliwakuta watu nyumbani, wamevaa ndala, pembeni ya watu wanaowapenda. Kwenye sinema unakwenda kuitafuta hofu kwa nauli yako, ukimaliza unaiacha ukumbini. Hizi ziliingia zilimo sahani na vitanda.

Nyuma ya Duel kuna mwandishi, na sisi wa vitabu tusimpite bila salamu. Richard Matheson, yule aliyeandika riwaya ya I Am Legend mwaka 1954, alikuwa akirudi kutoka kucheza gofu na mwenzake tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Kennedy. Wamepata habari, wamevurugika, wako barabarani, mara lori likawaandama kwa nyuma kwa kasi hadi wakalazimika kutoka nje ya barabara. Kisa hicho alikaa nacho miaka. Mwaka 1971 kikatoka kama hadithi fupi katika jarida la Playboy, na yeye mwenyewe akaigeuza kuwa mswada wa filamu. Ndiye pia aliyeandika mswada wa The Night Stalker ya 1972, na hadithi yake nyingine ndiyo iliyozaa kile kinyago kinachomfukuza mwanamke ndani ya nyumba yake katika Trilogy of Terror ya 1975. Utaona mtindo wake: anachukua kitu cha kawaida, kinakugeuka, na yeye hakuelezi kwa nini.

Katika Duel, mtu wa mauzo aitwaye David Mann, anayeigizwa na Dennis Weaver, anasafiri peke yake. Analikuta lori la mafuta lenye kutu mbele yake, linatoa moshi, analipita. Ni hilo tu. Kapiga ovateki. Kuanzia hapo lori linataka kumuua, na hadi mwisho hatuambiwi sababu. Mazungumzo ni machache mno. Ni injini, honi, na jasho la Weaver.

Basi, filamu ya namna hiyo ilimfikiaje mtoto wa Makambako?

Maana sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Wazanzibari walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi tulisubiri hadi 1994. Mimi mwaka 1987 nilikuwa na miaka kumi. Kwetu filamu ilikuja kwa mkanda wa video, na mkanda ulikuja kwa barabara, kama kilivyokuja kila kitu. Makambako ni njia panda: huku unakwenda Mbeya na Tunduma hadi Zambia, huku unakwenda Njombe na Songea, huku unarudi Iringa na Dar. Malori yalilala pale. Mfanyabiashara mmoja alikuwa na ghala, ndani ya ghala mabenchi, mbele ya mabenchi televisheni moja na deki moja, na nje jenereta lililokuwa likikohoa. Mikanda alikuwa akiletewa na madereva wa Tunduma. Hakuna aliyejua filamu gani imetengenezwa kwa sinema na gani kwa televisheni. Zote ziliitwa video.

Na matangazo ya biashara? Tulikuwa nayo ya kwetu. Jenereta likiishiwa mafuta, picha inazima, ukumbi mzima unaguna, na mwenye video anatoka na kidumu. Nakumbuka usiku ule lilizima mara mbili. Katikati ya giza kaka mmoja aliyesoma sekondari, aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza, aliendelea na kazi yake ingawa hapakuwa na cha kutafsiri. Akatwambia lile lori halina dereva. Mwingine akabisha: dereva yumo, ila ni mfu. Tukakaa gizani tukiamua nani anaendesha.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Mbolea na saruji, Dar hadi Mbeya, wakati mwingine Songea. Alikuwa akikaa nyumbani siku mbili, anaondoka wiki mbili. Mwaka mmoja kabla ya usiku huo, dereva mwenzake, mtu aliyekuwa akitununulia miwa, breki zilimkatikia mlima Kitonga. Watu waliofika wa kwanza hawakwenda kwenye kichwa cha gari. Walikwenda nyuma, kwenye mzigo. Hilo baba hakutusimulia sisi. Alimsimulia mama usiku, nasi tulikuwa upande wa pili wa pazia.

Ninavyokumbuka mimi, baba alikuwepo ghalani usiku wa Duel. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Mwisho wa filamu, gari la Mann linapanda mlima, mpira wa rejeta unapasuka, injini inachemsha, lori liko nyuma yake. Mwanzoni kabisa wa kituo cha mafuta alimshauri abadilishe mpira huo, akapuuza. Hapo ghala zima likamcheka, maana Makambako hata mtoto anajua rejeta. Mwishowe Mann anaelekeza gari lake kwenye lori, anaruka nje, na lori linaligonga na kulisukuma hadi wote wawili wanatumbukia bondeni. Tukashangilia. Watu walisimama juu ya mabenchi.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, baba hakusema kitu hadi tulipopita reli. Kisha akasema: "Mmeshangilia kwa sababu hamkumwona."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi. Lakini sentensi ile imekaa nami kuliko filamu yenyewe. Nimeishi nayo nikisoma vitabu, nikiandika, nikitazama taarifa za habari zinazosema "watu kadhaa" wamekufa mahali fulani. Mwandishi akitaka msomaji ashangilie kifo cha mtu, amfiche sura. Akitaka asishangilie, ampe hata jino moja bovu. Somo langu la kwanza la fasihi nililipata hapo, gizani, kwa mtu aliyeishia darasa la saba.

Sasa rudi mwaka jana. Baba alifariki, tukamaliza arobaini, tumekaa uani mimi na mdogo wangu tunamkumbuka. Nikamsimulia ile sentensi. Akanitazama.

"Kaka, baba hakuwepo."

"Alikuwepo."

"Hakuwepo. Alikuwa safari. Ile video tulikwenda na watoto wa jirani. Mimi nilikaa mbele kwenye mkeka, nakumbuka mpaka harufu ya jenereta."

Nilicheka, lakini usiku sikulala. Kwa sababu kama baba hakuwepo, basi ile sentensi aliisema nani? Yawezekana niliisoma kitabuni nikiwa mkubwa, nikaona inamfaa, nikamvisha. Waandishi tunafanya hivyo, tusijidanganye. Na mtu ambaye amemkosa baba yake nusu ya utoto anaweza kabisa kumtengenezea usiku ambao hakuwepo.

Ndipo nikaitafuta filamu. Nilitaka kujipima: kama nimekumbuka sawasawa yaliyomo kwenye filamu, labda nimekumbuka sawasawa na ya nje yake. Matokeo nimeshakwambia. Hakuna mlipuko. Lori linaporomoka polepole, vumbi tupu, na chini ya kelele za vyuma unasikika mngurumo kama wa mnyama anayekufa. Inasemekana wakubwa wa kituo walitaka kweli lilipuke, maana ni lori la mafuta, na Spielberg akagoma. Nami bila kujua nikawa upande wa wakubwa: nilililipua mwenyewe kichwani. Na sura ya dereva, hakuna.

Niligundua na jingine. Filamu niliyokuwa nimeiona si ile waliyoiona Wamarekani mwaka 1971. Ilipofanya vizuri, studio iliitisha pesa kidogo zaidi, Spielberg akarudi barabarani akaongeza matukio ili ifike dakika 90 na kuonyeshwa katika sinema za Ulaya. Basi la shule lililokwama, lori likimsukuma Mann kuelekea treni inayopita, ile simu anayompigia mkewe: hayo yaliongezwa. Mkanda wa ghalani kwetu ulikuwa na basi la shule. Nalikumbuka vizuri, kwani watoto wale walikuwa wakitoa ulimi dirishani. Kwa hiyo hata mtoto wa Ohio akiitafuta leo, yumkini atakutana na matukio ambayo usiku ule hayakuwepo, na atadhani ni yeye aliyeyasahau.

Hiyo ndiyo hatima ya filamu za usiku mmoja. Zilitengenezwa zisikumbukwe, zikakumbukwa vibaya, na kila aliyezikumbuka vibaya aliongezea kilichokuwa kikimuuma yeye.

Nikabaki na shahidi mmoja. Mama hajawahi kutazama filamu hadi mwisho maishani mwake. Nilimpigia simu, nikamuuliza kama baba alikuwepo usiku ule wa video ya lori.

"Video siijui," alisema. "Ninachojua, baba yenu alirudi magharibi kutoka safari, ninyi hampo. Nikamwambia wako kwa yule mwenye jenereta. Hata maji hakuoga, akaja kuwafuata. Mkarudi usiku sana."

"Mdogo wangu anasema hakuwepo."

"Yeye alibebwa mgongoni, amelala fofofo. Atakumbuka nini?" Akanyamaza kidogo. "Na asubuhi yake, siku ya mapumziko, alikuwa ameshaingia uvunguni mwa kichwa cha gari anabadilisha mpira wa rejeta. Utingo akamcheka, eti mpira bado mzima. Akamjibu, mimi jana nimeona kitu."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Hakuisikia ile sentensi. Hakuwa nasi njiani. Hiyo imebaki kwangu peke yangu, na sina wa kunithibitishia. Lakini naweza kupanga yaliyobaki. Baba alifika katikati, akasimama mlangoni nyuma ya mabenchi. Mdogo wangu yuko mbele kwenye mkeka, hakumwona akiingia, akasinzia, akabebwa. Mimi niko benchi la nyuma, karibu na mlango. Mwanga wa televisheni unampiga usoni mtu aliyetoka Dar, hajalala siku mbili, mashavu yamebonyea, macho mekundu. Ukumbi mzima unatazama lori linaanguka. Mimi nikageuka.